Ijumaa Muema Aliponifundisha Kuvua

Nilikwenda kuvua samaki kwa sababu ndugu yangu Muema alikuwa amebakiza siku mbili. Jumapili angepanda ndege kwenda nchi moja ya baridi iliyo vitani, kwenye kazi ambayo wakala wake aliiita ulinzi wa maghala. Mimi sikuamini habari ya maghala. Kwa wiki tatu nilimpigia simu kila jioni kumsihi asiende, na kila jioni alinisikiliza kwa upole, akaniuliza kama nimekula, akakata. Ndipo nikakumbuka kwamba kuna ombi moja ambalo Muema hajawahi kumkatalia mtu. Nikamwandikia: "Ijumaa nina ofu. Nifundishe kuvua." Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. "Njoo na kofia."

Niwaeleze kidogo walio nyumbani ambao hawatufahamu. Tulizaliwa watatu, huko Kitui, mahali ambapo maji ni ya bwawa na bwawa lenyewe linategemea mvua. Baba alifariki, na kabla mwaka haujaisha mama akamfuata. Nilikuwa darasa la saba, Muema alikuwa na miaka saba, na Kanini alikuwa bado anabebwa mgongoni. Niliacha shule muhula huohuo. Muema ndiye aliyekuwa akishuka bwawani na uzi na ndoano aliyoikunja mwenyewe, akarudi na kambare wawili au watatu, na siku nyingi hao ndio waliokuwa mboga yetu. Leo mimi nalinda lango la nyumba za kupanga hapa Doha, mwaka wa sita sasa. Muema alinifuata, akawa dereva wa familia moja huko Umm Salal. Kanini yuko mwaka wa tatu katika chuo cha uuguzi. Mwezi mmoja kabla ya Ijumaa hiyo, familia ya Umm Salal ilihamia nchi nyingine, dereva hakuhitajika tena, na karatasi za Muema za kukaa hapa zikabaki na siku chache.

Saa moja asubuhi niliondoka Al Thumama. Ni mtaa ulio karibu na uwanja wa ndege, na ndege hupita chini kiasi kwamba unaona magurudumu yakifunguka. Nilikuwa nimepika chapati sita na kuzifunga kwa taulo. Achieng', mwenzangu wa chumba, mtu wa ziwani, alikaa kitandani akinitazama nikivaa viatu.

"Mkamba anaenda kuvua," akasema. "Hebu niambie kwanza, samaki anaanzia wapi, kichwani au mkiani?"

"Utanionyesha jioni nikimleta."

"Ukileta hata mmoja nitakufulia sare mwezi mzima."

Alijua kwa nini naenda. Alinitania hadi mlangoni, na hapo mlangoni akanifunga kifungo cha juu cha koti kama vile mimi ni mtoto.

Basi la Ijumaa asubuhi lilikuwa karibu tupu. Mbele yangu walikaa wanaume wawili wa Nepali waliolala wameegemeana vichwa. Tulielekea kusini kwenye barabara pana isiyo na mtu, mitende kando kando, kila mti na bomba lake jeusi la maji likiwa limelala kwenye shina. Nje ya mitende hakuna jani. Ardhi ni ya rangi moja na kuta, kuta ni za rangi moja na vumbi, na mtu akishuka kituoni hubaki amesimama pale kama kigingi. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Ningeanza na Mutua wa jengo la pili, aliyekwenda kwenye kazi hiyohiyo mwaka jana, akatuma picha moja amevaa magwanda, kisha simu yake ikanyamaza. Baada ya hapo ningemwambia kuhusu mkataba aliotumiwa, ulioandikwa kwa lugha ambayo yeye hawezi kusoma hata herufi zake. Mwisho ningemtaja Kanini. Niliyarudia maneno hayo mara nyingi mpaka yakaniudhi mwenyewe.

Saa mbili na nusu nilishuka Al Wukair. Mtaa huu bado unajengwa. Nyumba moja imekamilika na ina maua getini, inayofuata ni nguzo na nondo. Muema alikuwa ananingoja mbele ya duka la chai, amekonda kidogo usoni, amevaa begani mfuko mdogo mweusi wa kamba ndefu. Nilipomkumbatia ule mfuko ukawa kati yetu.

"Umebeba nini humu?"

"Pasipoti na karatasi," akasema. "Siziachi chumbani. Tunalala watu wanane."

Tangu atoke Umm Salal alikuwa amehifadhiwa na rafiki yake Sula, Mganda wa Masaka anayeendesha pikapu ya kampuni moja ya mabomba. Sula alitupokea mlangoni na kikombe cha chai ya maziwa kila mkono, akaniita nyabo, yaani mama kwa lugha ya kwao.

"Karibu, nyabo. Wewe ndiye dada mkali? Huyu ameniambia nifiche fimbo zote za kuvulia, ati unaweza kumchapa nazo."

"Sijamchapa tangu awe mrefu kunizidi."

"Basi leo tutamkata miguu awe mfupi," akasema Sula, akacheka peke yake.

Tulikula chapati, halafu somo likaanza palepale sakafuni, juu ya gazeti. Somo la kwanza la kuvua, alisema Muema, ni chambo. Samaki tuliyemtaka hapa anaitwa safi; Mombasa wanamwita tafi. Ni bapa, ana mdomo mdogo kama wa mtoto anayepuliza uji, na tofauti na kambare wetu, yeye hali nyama. Anapenda majani ya baharini na mkate. Kwa hiyo tulichukua khubusi, ile mikate bapa ambayo hapa kila mfanyakazi anaishi nayo, tukaichambua vipande, tukanyunyiza maji na unga, tukaongeza jibini kidogo ili itoe harufu, tukakanda. Inatakiwa iwe ngumu kuliko unga wa chapati. Ikiwa laini inayeyuka kwenye maji na unabaki unamvulia samaki kwa ndoano tupu. Ikiwa ngumu mno samaki anaitema.

"Kanda tena," akaniambia. "Unakanda kama mtu mwenye haraka."

Nilikanda, nikaona mikono imeshughulika, nikasema la kwanza.

"Mutua wa jengo la pili bado simu yake haiiti."

Muema alichukua kipande cha donge langu, akakiviringisha kama punje ya mahindi, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji. Tukakitazama wote watatu.

"Ukihesabu hadi hamsini kikiwa bado kizima," akasema, "chambo kimeiva."

Kilivunjika kabla ya ishirini. Nikaongeza unga.

Mchana Sula alikwenda kuswali Ijumaa, na sisi tukabaki kufunga ndoano. Hapa nilimwambia habari ya mkataba. Alinisikiliza akiwa ameshika mshipi, ule uzi wa kuvulia, kwa meno. Alinionyesha fundo: unapitisha mshipi kwenye jicho la ndoano, unaizungusha ncha juu ya mshipi wenyewe mara tano, unarudisha ncha kwenye tundu la kwanza, unalowesha kwa mate, ndipo unakaza. Ukikaza mkavu unajikata. Fundo langu la nne lilishika. Akalivuta kwa nguvu zote mbele ya macho yangu, halikuteleza, akatabasamu kama zamani.

"Mkataba nimeuona, Dada," akasema. "Jifunze kukata ncha sasa. Usiache ndefu."

Saa saba na nusu tulipanda pikapu ya Sula kuelekea pwani, kusini mwa Al Wakrah. Tuliacha lami, tukaingia njia ya mchanga mgumu yenye alama za magurudumu. Upepo wa msimu wa baridi ulikuwa unavuma kutoka kaskazini, jua lipo lakini halina uzito. Sula alisimamisha gari juu kabisa, mbali, karibu na rundo la mawe. Nikashuka, nikatazama, sikuona maji. Mbele yetu kulikuwa na tope la kijivu, mchanga, vidimbwi vya hapa na pale, na mbali sana mstari wa buluu.

"Bahari iko wapi?"

"Imeenda msikitini," akasema Sula. "Itarudi."

Muema alinieleza kwamba maji yamekupwa, na kwamba ufuo huu ni bapa kama meza, kwa hiyo yakiondoka yanaondoka mbali. Nilimsikia. Mambo ya kupwa na kujaa nilikuwa nimeyasoma darasa la sita, kwenye ukurasa wenye picha ya mwezi. Lakini kujua kitu kwenye kitabu hakujafika miguuni. Miguu yangu ni ya bwawa. Kwenye bwawa pakavu ni pakavu, na maji yakisogea yanasogea kwa wiki na kwa masika.

Tulitembea kama dakika kumi hadi mahali penye mkondo wa maji uliobaki, wa kufika magotini. Hapo Muema alianza somo la kurusha. Fimbo yangu ilikuwa fupi, nyepesi, na mshipi mwembamba kama unywele. Juu ya ndoano kulikuwa na chubwi ndogo ya risasi ya kuizamisha, na juu ya chubwi boya jekundu lenye ukubwa wa kidole gumba. Ule mfuko wake mweusi ulikuwa unampiga kiunoni kila akiinua mkono. Akauvua, akanipa.

"Niwekee mahali pakavu."

Niliangalia. Mbele yetu, upande wa bahari, kulikuwa na kilima kidogo cha mchanga mweupe, mkavu kabisa, na jiwe moja pembeni yake. Nyuma kulikuwa na tope. Nikaenda nikauweka pale juu ya kilima, nikaupangusa mchanga. Naapa kwamba wakati huo sikuwa na lolote moyoni. Niliona mahali pakavu kuliko pote, nikauweka.

Kwa muda mrefu hatukupata kitu. Nilirusha boya likaanguka nyuma yangu. Nilirusha tena likanasa kofia ya Sula.

"Nyabo, mimi tayari nimeoa!"

Muema alisimama nyuma yangu, akashika mkono wangu wa kulia kwenye kiwiko, akaniambia nisitumie bega. Ni kifundo cha mkono tu, kama mtu anayekung'uta maji. Boya likaruka, likatua mbali, likasimama. Nilishangaa jinsi jambo dogo linavyoweza kumfurahisha mtu mwenye huzuni. Kisha tukangoja. Kazi yangu ni kusimama langoni saa kumi na mbili, kwa hiyo kungoja si kitu kigeni kwangu, ila hapa unangoja huku ukitazama kidoa kimoja chekundu, na kila kitu kingine kinatoka kichwani bila wewe kukifukuza. Nilielewa kwa nini Muema alikuja hapa kila Ijumaa.

Kuelekea saa tisa, maji ya ule mkondo yalianza kusogea. Majani yaliyokuwa yamelala upande mmoja yakageuka na kulala upande mwingine.

"Yanarudi," akasema Muema. "Sasa ndio wanakula."

Boya langu likatikisika. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na ndoano ikarudi tupu.

"Mdomo wake ni laini, Dada. Ukivuta hivyo unauchana na anaondoka. Ukiona boya linatikisika, tulia. Anaonja. Likizama, ndio inua. Inua tu, usivute."

Nilipoteza watatu. Wa nne boya lilizama lote, nikainua, na fimbo ikapinda na kutetemeka hadi kwenye kiwiko. Nilipiga kelele ambazo sijawahi kupiga tangu utotoni. Alitoka samaki wa rangi ya zaituni mwenye madoa, mkubwa kama kiganja cha mtu mzima, nami nikanyoosha mkono kumshika.

"Usiguse!" Walipiga kelele wote wawili. Miiba ya mgongo wa safi ina sumu. Ukichomwa, mkono unavimba na unalia hadi kesho yake. Muema alimbana kwa taulo la chapati, akamtoa ndoano kwa kuizungusha, akamkata miiba kwa mkasi. Sula akatupiga picha. Wengi wenu mmeiona picha hiyo, mkaniandikia kwamba Doha imenikubali.

Katika furaha ile ile nikamwambia lile la tatu. Nilimuuliza Kanini atabaki na nani.

"Na wewe," akasema.

"Na mimi nitabaki na nani?" Nilitaka kuuliza hivyo. Nilichosema ni, "Kuna nafasi za walinzi kwetu kazini mwezi ujao, nimeshaongea na msimamizi." Akanijibu kwamba mwezi ujao ni mbali, akasogea hatua ishirini pembeni kutafuta maji ya kina zaidi. Sula alikuwa ng'ambo ya mkondo, mgongo wake kwetu.

Hapo ndipo nilipouona mfuko. Nilikuwa nimegeuza uso ili nisionekane, na macho yangu yakaangukia kile kilima cha mchanga. Hakikuwa tena kwenye nchi kavu. Maji yalikuwa yamekizunguka pande zote, kimya, bila wimbi, na yalikuwa yamefika kwenye jiwe. Mfuko ulikuwa bado juu, mkavu. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kwenda mwenyewe, maji yasingenifika mapajani.

Sikufanya lolote. Nilisimama na fimbo yangu nikayatazama yale maji. Yalipanda kwenye jiwe polepole, yakafika nusu. Niliwaza: nani atamruhusu kupanda ndege na pasipoti iliyolowa? Ubalozi utachukua wiki. Katika wiki nyingi mtu hubadili nia, wakala huchukua mwingine. Niliwaza kwamba sitakuwa nimefanya kitu, ni bahari. Jiwe likafunikwa. Boya langu likazama, mshipi ukakazika, na sikuinua. Samaki alikula, akaondoka.

Sula ndiye aliyegeuka.

"Muema! Mfuko! Maji inachukua mfuko yako!"

Muema alitupa fimbo, akakimbia. Ulikuwa umeanza kuelea ukigeuka geuka, kamba yake ndefu ikiufuata. Aliukamata maji yakiwa yamemfika kiunoni, akarudi akiwa ameuinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Akapiga magoti kwenye mchanga, akaufungua. Pasipoti na karatasi zilikuwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa fundo. Kona moja ya mkataba ilikuwa imelowa. Pasipoti ilikuwa kavu.

"Mimi mwaka wa kwanza hii maji iliniibia viatu," Sula alisema, akijaribu kutuliza mambo. "Sisi watu wa ziwa hatuzoei. Nyabo hakujua."

Muema hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Ulikuwa unauona?"

Ningeweza kukubali ile njia aliyonifungulia Sula. Sijui kwa nini sikuweza.

"Nilikuwa nauona."

"Tangu lini?"

"Tangu maji yalipofika kwenye jiwe."

Sula alichukua ndoo ya samaki, akasema anakwenda kuwasha gari, akaondoka. Tulibaki wawili, maji yakitufuata nyuma hatua kwa hatua, nasi tukirudi nyuma. Nilingoja anitukane. Muema hajui kutukana.

"Unakumbuka ulipoacha shule?" akaniuliza.

"Nakumbuka."

"Nilikuuliza kwa nini huvai sare. Ukaniambia shule imekuchosha, hesabu zinakuumiza kichwa, afadhali kukaa nyumbani. Nikakuamini, Dada. Miaka mingi nilijua dada yangu ni mtu asiyependa shule. Hata nilikuwa nakucheka na wenzangu."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilipokuwa kidato cha pili nikafungua lile sanduku la bati nikitafuta cheti changu cha kuzaliwa. Nikakuta ripoti zako. Namba moja. Namba moja. Namba mbili, na mwalimu ameandika kwamba umeteleza, ujikaze." Alikuwa anafunga tena ile mifuko ya nailoni, fundo juu ya fundo, bila kuangalia mikono. "Sikukuambia kwamba nimeziona. Nilizirudisha. Nilifikiri, akitaka nijue ataniambia."

Akaitumbukiza mifuko ya nailoni kwenye ule mfuko mweusi, akauvaa begani.

"Sasa na mimi nakuambia ni kazi ya kulinda maghala," akasema. "Niamini vile nilivyokuamini."

Ndipo nikaelewa kwamba anajua. Alijua zaidi yangu. Habari zote nilizokuwa nimezibeba kwenye basi alikuwa nazo kabla yangu, na alikuwa ameziweka mahali pake na kuendelea kufunga mizigo. Ada ya Kanini ya mwaka wa mwisho ilikuwa kwenye mpango wake kama mimi nilivyokuwa na sare za Muema kwenye mpango wangu wakati ule. Hakuna aliyenizuia mimi, na kama angetokea wa kunizuia ningemdanganya vilevile.

Kulikuwa na neno moja la kusema pale, na lilikuwa fupi. Ningemwambia kwamba mimi nitaumia. Badala yake nikasema, "Umelowa, utapata homa. Twende kwenye gari."

Saa kumi na moja jua lilikuwa linazama upande wa nchi kavu, nyuma ya kreni za ujenzi za Al Wukair, na mahali tuliposimama tukivua palikuwa bahari tupu. Ile fimbo aliyoitupa haikuonekana tena. Njiani Sula alijitahidi kutusimulia visa vya Masaka, akaishia kwenye kisa cha mbuzi aliyekula kura, akacheka peke yake, halafu akawasha redio.

Kituoni Muema alinipa samaki wote saba ndani ya mfuko wa barafu. Alinikumbusha niwakwangue magamba chini ya maji yanayotiririka, nikate mapezi kwanza, nisiwaache hadi kesho. Nilimshika uso kwa mikono yangu miwili, ikiwa na harufu ya jibini na samaki. Hakugeuka.

"Sikukasirika," akasema. "Ningekuwa wewe, nami ningeuacha."

"Nisamehe."

"Umeshika fundo haraka kuliko mimi, unajua? Mimi lilinichukua mwezi." Basi likaja. "Panda, Dada. Kesho unaingia kazini mapema."

Achieng' alikuwa bado macho niliporudi. Alitazama samaki, akanitazama mimi, akachukua sare zangu kutoka kwenye msumari, akaenda nazo bafuni. Nilisikia maji yakifunguliwa. Nilikwangua samaki wangu saba, nikawakaanga, nikawagawia wasichana wa ghorofa yetu. Walisema ni watamu. Mimi sikula.

Jumapili alisafiri. Jumanne ilikuja ujumbe kwamba amefika, kuna theluji, chakula kipo. Wiki iliyofuata mwingine: wanafanya mazoezi. Sikumuuliza mtu gani anafanya mazoezi ili alinde ghala. Huo ndio wa mwisho. Zimepita wiki saba. Nimekwenda ubalozini, nimeandika jina lake kwenye daftari lililo na majina mengine mengi, na yule kijana wa dirishani aliniambia kwa sauti ya chini kwamba watanipigia.

Mtu akirudi safarini huulizwa amejifunza nini. Nimejifunza kukanda chambo, kufunga ndoano kwa mizunguko mitano, kurusha kwa kifundo cha mkono, kuinua bila kuvuta. Nimejifunza kwamba kwenye bahari hakuna mahali pakavu pa kudumu. Haya yote aliyenifundisha ni mdogo wangu, kwa siku moja, kwa subira ambayo sikustahili. Jambo ambalo mimi nilimfundisha yeye lilichukua miaka ishirini, na sikujua kama nafundisha.

Jana Kanini alinipigia. Alikuwa analia tangu kabla sijapokea. Kuna mtu chuoni amemwonyesha kwenye simu orodha ya waliouawa katika vita hiyo, jina la Muema halimo, lakini ameshindwa kulala. Aliniuliza swali ambalo nilikuwa nikilikwepa kwa wiki saba.

"Alienda kwa sababu ya ada yangu?"

"Hapana," nikamwambia. "Alienda kwa sababu yangu. Niliacha shule kwa ajili yenu mbele yake, akiwa mdogo, na sikumwambia hata siku moja kwamba iliniuma."

Nikasikia akipangusa pua.

"Kwani iliuma, Dada? Wewe si ulisema shule ilikuchosha?"

Nilikuwa langoni, gari limesimama mbele yangu likingoja nifungue. Dereva akapiga honi. Nikamwacha angoje.

"Iliuma, Kanini," nikasema. "Hadi leo inauma. Na kaka yako alipoondoka niliumia zaidi ya pale, na sikumwambia. Wewe nakuambia."